Ndege wa Mgongoni

Fundi alimwambia mkewe kwamba kitambaa amekinunua dukani, na hakukinunua. Hilo ndilo jambo lenyewe. Mengine yote, yaani jarida, manukato, safari na hoteli, ni kama vile vifungo vya kwenye mkono wa koti ambavyo havifungi kitu. Vipo kwa ajili ya kupendeza.

Kitambaa kilitoka kwenye gunia lililokuwa chini ya meza ya kukatia. Kila fundi cherehani ana gunia la namna hiyo, na ukimpata atakayekuapia kwamba hana, muulize watoto wake wanavaa nini. Mteja analeta kitambaa, fundi anakata, anashona, anarudisha nguo, na hapo katikati kuna kinachobaki. Mafundi wanakiita mabaki. Hawakiiti wizi, kwa sababu wizi ni kuchukua kitu cha mtu, na mabaki hakuna mtu aliyewahi kurudi kuyaulizia. Fundi alikuwa na maelezo haya tayari kichwani miaka mingi, yamekunjwa vizuri kabisa, na ajabu ni kwamba hakuna aliyewahi kumtaka ayatoe.

Mtaani walimwita Bwana Msimu. Ukutani kwake alibandika kurasa za majarida ya mitindo, na kila baada ya miezi michache alitoa tangazo. "Msimu huu ni kola nyeupe kwenye shati la rangi." Au, "Msimu huu mfuko hauchukui rangi ya nguo, hilo limepitwa na wakati." Watu walisikiliza, wengine mpaka wakakaa kwenye benchi. Aliacha shule mapema, lakini ukimsikia akizungumzia mkato wa bega ungedhani alisomea mabega.

Ukweli wa misimu ile aliujua peke yake. Ilitoka kwenye gunia. Likijaa vipande vyeupe vya sare za shule, basi ni msimu wa kola nyeupe. Mara moja alishona foronya za makochi ya ofisi fulani, na mwaka ule nusu ya mtaa ilitembea na mifuko ya makochi. Hakuona haya. Alijiambia, wale wenye majarida nao, nani ajuaye wana gunia gani chini ya meza zao?

Mkewe alikuwa mwoka mikate. Aliamka gizani, akarudi mchana ananukia chachu na unga wa moto, akalala. Karakana ya mumewe aliikanyaga mara chache sana. Nguo zake zote zilitoka kwenye gunia lile, na karibu kila moja alijua ilikuwa ya nani kabla haijawa yake. Alikuwa na sketi iliyopatikana kwenye suti ya bwana harusi, blauzi mbili za wanafunzi wa uuguzi, na gauni la kutokea ambalo mbele lilikuwa la mama mwenye duka la dawa na nyuma la mama mwingine ambaye hata sura yake hakuijua. Hakulalamika. Siku moja tu alijitazama kwenye kioo na gauni hilo akasema, "Nikitembea nahisi tuko watatu."

Fundi alicheka sana siku ile. Aliona mke wake ana maneno.

Sasa mkewe alikuwa na mdogo wake wa kiume, dereva wa kupeleka wageni hotelini. Jumapili moja alikuja kwao, akaketi, akavua viatu kama mtu mwenye habari.

"Dada, panga begi," alisema. "Msimu uliopita nimewapelekea hoteli fulani wageni mpaka wenyewe wakashangaa. Wamenipa zawadi. Watu wawili, siku mbili, kula na kulala. Walikuwa wamefunga wanafanya ukarabati, sasa wanafungua upya wiki ijayo. Mimi hotelini nalala kila siku, ila nalala ndani ya gari. Nenda wewe na huyu shemeji yangu wa misimu."

"Hoteli ya shuka nyeupe?" dada yake aliuliza.

"Nyeupe mpaka unaona haya kuzilalia."

Fundi aliona hapo ni mahali pa mtaalamu kusema neno. "Na mmebahatika," alisema. "Safari za mbali zimekwisha. Msimu huu mtu wa mtindo anakwenda karibu, siku mbili, begi dogo. Jarida limeandika."

"Shemeji," dereva akamwambia, "wewe hata hiyo ya mbali hujawahi kwenda. Umeachaje kitu ambacho hujaanza?"

Walicheka wote. Mkewe ndiye aliyeacha kucheka wa kwanza.

"Nitakwenda," alisema, "lakini siendi na nguo za watu. Baba Watoto, nisikilize. Nenda dukani. Simama mbele ya muuzaji, kinyooshee kidole kitambaa, akikate kwa ajili yangu. Kiwe cha bei ya chini, sijali. Ila kisiwe kimewahi kuwa cha mtu."

"Hilo tu? Limekwisha."

"Usiniambie limekwisha. Niambie utanunua."

"Nitanunua."

Na alikusudia. Tuseme haki yake hapo, maana ni haki ndogo na hana nyingine. Kesho yake alikwenda dukani, akapapasa kitambaa hiki, akavuta kile, akakikunja kidogo kuona kama kinakunjamana. Ubahili ulikuwepo, umeketi kiti cha mbele kama kawaida yake. Lakini kiburi ndicho kilichoshika usukani. Kila alichokigusa alikiona ni takataka kwa kulinganisha na kile alichokuwa nacho chini ya meza.

Kilikuwa pamba laini, rangi ya tofali la kuchoma, kimejaa ndege wadogo weupe wanaoruka kwenda juu. Alikipata kwenye kazi ya mashati arobaini iliyoletwa na wakala. Wakala huyo alificha wateja wake kama kuku anavyoficha mayai.

"Kazi hii ya nani?" Fundi alikuwa amemuuliza.

"Ya wenyewe."

"Wenyewe wapi?"

"Wewe shona. Ukiwajua wenyewe, mimi nitakula nini?"

Fundi akabaki kufikiri mwenyewe. Mashati arobaini, ya kike kwa ya kiume, rangi moja, ndege wanapaa. Kwa akili zake zote, zile alizotoka nazo shule na zile alizoongezewa na majarida, akafikia jibu. Kwaya.

Jibu hilo ndilo lililomfaidisha. Kitambaa chenye picha zinazotazama upande mmoja kinakula sana, kwa sababu kila kipande lazima kikatwe kichwa juu. Ukiruhusu kipande kimoja kilale kichwa chini, ubavuni mwa kingine, unaokoa upana wa kiganja hapa na kiganja pale. Fundi alisimama na chaki mkononi akajiuliza: nani huangalia mgongo wa mwanakwaya? Mwanakwaya anasimama anatazama watu, anaimba, anatoka kwa mlango wa pembeni. Akaigeuza migongo yote arobaini. Kifuani ndege walipanda mbinguni. Mgongoni walishuka kichwa chini kama mawe. Wakala alipokuja kuchukua, mashati yalikuwa yamekunjwa vizuri, vifua juu. Akahesabu, akaenda zake. Na mwisho wa jora la mwisho kikabaki kipande kirefu kizima, kinatosha gauni la mwanamke na shati la mwanamume.

Basi siku hiyo Fundi alitoka dukani mikono mitupu, akafungua gunia. Halafu akapekua majarida akitafuta ruhusa, akaipata: rangi ya msimu, udongo uliochomwa. Jarida lilikuwa la mwaka juzi, lakini udongo ni ule ule.

Tatizo likabaki harufu. Kitambaa kipya kinanukia duka. Hiki kilinukia mafuta ya cherehani, gunia, na kwa mbali panya. Na mkewe alikuwa na pua ya mwoka mikate, inayojua mkate umeiva kabla mlango wa tanuri haujafunguliwa. Fundi akavuka kwenda kibanda cha jirani, kwa mama anayeuza manukato ya kupima, mwenye chupa nyingi kubwa na bomba ndogo za sindano za kunyonyea.

"Nipe harufu ya msimu," alimwambia.

"Msimu huu wanataka ndimu na mbao," mama wa manukato alisema. "Na mvua kidogo."

"Mvua ina harufu gani?"

"Ya chupa ya bei ya juu. Utajipaka shingoni au mkononi?"

"Siyo mimi. Ni kitambaa."

Mama yule akaweka bomba chini. "Kitambaa kimefanya nini?"

"Kimekaa."

"Bwana Msimu, la kuvunda halina ubani."

"Hakijavunda, mama. Kimekaa tu."

"Basi kifue, ukianike juani. Jua halina bei."

"Kikifuliwa hakitakuwa kipya," Fundi alisema, na papo hapo akajisikia alivyosema. Mama wa manukato alimpimia. Kazi yake kuuza.

Alipulizia kidogo. Akanusa. Akapulizia tena, akanusa, akaona bado. Hakujua kwamba pua ya mtu huchoka kabla ya mkono wake. Mpaka anafunga chupa, yeye hakusikia kitu, na mteja aliyepita mlangoni aliuliza kama kuna msiba wa tajiri.

Alikikunja mikunjo ya dukani, akakifunga karatasi, akampelekea mkewe jioni.

Mkewe alikaa ukingoni mwa kitanda akakifungua polepole. "Umenunua," alisema.

"Nimenunua."

"Ulikinyooshea kidole?"

"Nilikinyooshea."

Hapo hakusema uongo. Alikinyooshea kweli, kikiwa ndani ya gunia.

"Mbona kinanukia hivi?"

"Siku hizi vinakuja hivyo hivyo. Ndiyo mtindo. Kitambaa kinauzwa na harufu yake."

Akakiinua mpaka usoni, akafumba macho. Halafu akakiweka chini, akaenda kunawa mikono, akaitazama, akaona unga bado umo kwenye kucha, akarudi kunawa tena. Ndipo akakishika vizuri. Fundi alikuwa mlangoni akimtazama. Hapo ndipo angeweza kusema. Neno lilifika mpaka kwenye meno, likakuta meno yamefungwa, likarudi.

Siku ya kukata, mkewe alikuja karakana akaketi kwenye benchi la wateja, mgongo wima, mkoba mapajani, kama mteja. Fundi hakuwahi kukata kwa uangalifu namna ile. Kila ndege kichwa juu, mbele na nyuma, hata kwenye mshono wa ubavuni bawa la huku likakutana na bawa la kule. Kilichobaki akajishonea shati. Alimwambia mkewe kwamba wanandoa kufanana ndiyo msimu wenyewe. Mkewe aliwasimulia wenzake wote wa tanuri. Mume wake amekwenda dukani, amesimama, amechagua.

Siku ya safari, dereva alifika, dada yake akaingia mbele, Fundi nyuma. Hawakufika mbali kabla vioo vyote havijashushwa.

"Shemeji," dereva alisema, uso kauelekeza kwenye upepo, "hayo umejipulizia au umemwagikiwa?"

"Ndimu, mbao na mvua," Fundi alimjibu.

"Mimi nimewahi kubeba wageni waliotoka kupanda mlima bila kuoga, na sikufungua dirisha. Hiyo mvua imenishinda."

"Mwache mume wangu," mkewe alisema, anacheka, anajinyoosha gauni magotini. "Hujui mtindo wewe."

Hoteli ilikuwa nzuri kama ilivyosifiwa. Sakafu ilitoa mwanga, miti imepandwa kwenye vyungu, na mapokezi palikuwa na sinia la taulo ndogo zenye unyevu wa baridi za kufutia uso. Aliyekuja kupokea begi alikuwa kijana mrefu aliyevaa shati la rangi ya tofali la kuchoma, limejaa ndege wadogo weupe.

Fundi alivuta begi mbele ya kifua chake, lakini lilikuwa dogo.

Mbeba mizigo alimtazama kifuani, akamwambia kwa sauti ya chini, ya kirafiki, "Kaka, wafanyakazi wanapita nyuma. Ukionekana huku watakusema."

Na mkewe, badala ya kuudhika, akapiga makofi. "Tazama! Hata wao!" Akamshika mumewe mkono. "Kumbe ulijua. Ulisema ndiyo rangi, mimi nikadhani unapiga chuku kama kawaida yako. Hoteli nzima imevaa ulichochagua wewe!"

Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumtazama vile. Fundi alisimama pale amependwa, na hakuna kitu kilichowahi kumkaa vibaya kama mapenzi yale. Yalimbana kwapani.

"Misimu," alisema. "Haina mwenyewe."

Walikwenda kula. Ukumbi ulikuwa wazi upande mmoja, umejaa wageni wa siku ya ufunguzi. Njiani bibi mmoja alimsimamisha mkewe akamwomba taulo mbili zaidi chumba cha juu, na mkewe akamjibu kwamba hata yeye ni mgeni, wakacheka wote wawili. Wakaketi. Mhudumu wa kike akaja, akawakaribisha, akawaeleza vyakula, tabasamu tupu, ndege wanapaa kifuani. Halafu akageuka kwenda jikoni.

Fundi alikuwa hajalifikiria hilo. Kazi ya mwanakwaya ni kutazama watu, lakini nusu ya kazi ya mhudumu ni kugeuka. Ukumbi mzima ulijaa migongo. Migongo iliyoinama juu ya meza, migongo inayokwenda, migongo inayosubiri. Na juu ya kila mmoja kundi la ndege weupe walikuwa wakiporomoka kichwa chini, wote pamoja, kana kwamba wamepigwa risasi.

Kwenye meza ya jirani mzee mwenye kofia ya ukindu aliwaambia wenzake, "Angalieni. Wakija na chakula ndege wazima. Wakiondoka ndege wamekufa. Kuna kitu hapo jikoni."

Meza ile ikaangua kicheko. Mkewe naye alitazama, akakunja uso kidogo, jicho la mtu anayeona mkate umeumuka upande mmoja.

"Hawa waliowashonea wamekosea," alimnong'oneza mumewe. "Wewe usingefanya hivyo."

Fundi akanywa maji.

Meneja alikuwa mwanamke mfupi wa miwani. Alikuwa akipita meza kwa meza akiwasalimu wageni, na kila mhudumu alipogeuka, alifumba macho kidogo kama mtu mwenye jino bovu. Alipofika kwao akasimama. Akatazama gauni. Akatazama shati.

"Karibuni sana," alisema. "Samahani, bwana, shati lako umeshonewa wapi?"

Fundi alifungua mdomo, lakini mkewe alikuwa ameshatangulia. "Kashona mwenyewe! Mume wangu ni fundi. Na kitambaa kachagua yeye, dukani."

"Duka gani, mama?" Meneja aliuliza kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya. "Kwa sababu kitambaa hiki tumekichapisha sisi kiwandani. Huyo ndege ni alama ya hoteli. Hakiuzwi popote."

Mkewe alimgeukia mumewe ili ajibu. Bado alikuwa anatabasamu. Alidhani lipo jibu.

"Hebu simama kidogo, bwana," Meneja alisema. "Geuka."

Fundi akasimama, akageuka. Ukumbi mzima uliona mgongo wake, ndege wote wanapanda safi, hakuna hata mmoja aliyepotea njia.

"Wako wanapanda," Meneja alisema. "Wangu arobaini wanaanguka. Tangu asubuhi nampigia wakala anitajie fundi, hashiki simu. Kumbe fundi tunamlisha."

Mtu mwenye akili angesema ameteleza, au angemsukumia wakala. Fundi, ambaye kila msimu alikuwa na la kusema, alitafuta kichwani akakuta kitu kimoja tu.

"Nilidhani ni kwaya," alisema.

"Kwaya?"

"Kwaya haigeuki."

Mhudumu aliyekuwa karibu alifunika uso na sinia. Mzee wa kofia ya ukindu alilia machozi kwa kicheko. Hata Meneja pembe ya mdomo ilimtoroka kabla hajaikamata. Fundi mwenyewe, angekuwa meza nyingine, angecheka kuliko wote.

Mkewe hakucheka. Aliweka kitambaa cha mkono juu ya meza, akakikunja mara nne, akaondoka kwenda chumbani.

Meneja alimaliza naye palepale, bila makelele. Migongo yote itafumuliwa na kushonwa upya. Kitambaa kitachapishwa tena, na kitalipiwa na fundi. Kulikuwa na kazi nyingine inakuja, mapazia na vitambaa vya meza vya hoteli nzima, na alikuwa amepanga imwendee fundi huyo huyo kwa sababu mishono yake imenyooka. Sasa itakwenda kwa mwingine. "Na hilo shati," alisema, "utaliacha ukitoka."

Chumbani shuka zilikuwa nyeupe kweli. Mkewe hakuwa amezikalia. Alikuwa amesimama dirishani, amevaa lile gauni lake la zamani la mama wa duka la dawa na mama asiyejulikana. Gauni la ndege lilikuwa juu ya kiti, limekunjwa.

"Ulisema ulikinyooshea kidole," alisema bila kugeuka.

"Nilikinyooshea."

"Kikiwa wapi?"

"Kwenye gunia."

"Na ile harufu?"

"Ya mama wa manukato."

Akatikisa kichwa taratibu, kama anajumlisha. "Nilinawa mikono mara mbili."

"Najua. Nilikuona."

"Uliniona." Sasa akageuka. "Gunia silichukii, Baba Watoto. Gunia limetulea, limewasomesha watoto. Ungerudi ukaniambia, mke wangu, duka limenishinda, ningevaa hili hili nililovaa, nikaja nikacheka. Nilikuomba kitu kimoja kisichokuwa na mtu ndani yake. Ukanipa chenye watu arobaini."

Fundi alijaribu. Ndivyo alivyo, shimo akishaliingia hutaka kujua lina kina gani. "Angalau ndege wako wanapanda," alisema.

"Wanapanda," alisema mkewe. "Ni wa hoteli."

Nje mtu alikuwa anasukuma toroli la taulo.

"Basi twende nyumbani," Fundi alisema.

"Wewe nenda. Mimi nimepewa siku mbili na ndugu yangu."

Akalichukua lile gauni, akatoka nalo mlangoni. Yule mhudumu wa kike alikuwa anapita korido na ndege wake wanaoanguka, akamkabidhi. Binti yule alilipima mabegani, akauliza kama ni lake kweli. "Ni la kwenu," aliambiwa. "Nimelivaa njiani tu."

Dereva aliitwa kumrudisha Fundi. Alimkuta kasimama kando ya maegesho amevaa fulana ya ndani, begi dogo la msimu mkononi, bado ananukia mvua. Alimfungulia mlango. Aliendesha vioo viko chini, na njia nzima hakutoa hata utani mmoja. Shemeji asiyekutania amekuhurumia, na hapo ndipo Fundi alipojua amefika chini kabisa.

Hesabu yenyewe ni hii.

Migongo arobaini: ameifumua na kuishona upya bila ujira, kwa kitambaa alichokilipia mwenyewe, ndege wote kichwa juu. Mapazia na vitambaa vya meza: anashona mwingine. Wakala: hapiti tena mtaa ule, na akipigiwa hashiki. Shati moja: limebaki hotelini. Gauni moja: analivaa mhudumu siku ambazo hayupo kazini, na shemeji anasema linampendeza. Siku mbili za hoteli: alizimaliza mkewe peke yake, akarudi uso umejaa usingizi mzuri. Jina la Bwana Msimu: limekwisha. Habari ilifika mtaani kabla yake, na sasa wanamwita Kwaya. Akitangaza kola wanamwomba kwanza ageuke.

Na mke. Mke yupo. Wanakula meza moja, wanalala kitanda kimoja, na mkate anamletea bado wa moto. Lakini kitambaa ananunua mwenyewe, na anakipeleka kwa fundi wa mtaa wa pili. Magauni mawili mpaka sasa. Fundi ameyachunguza mbele na nyuma, pindo na kwapa, akitafuta kosa. Yote mawili yamemkaa vizuri.